Tazama Jozi, Si Gia Moja

Leo mazungumzo ni ya mafundi wa magari, na ni ya wenye magari wanaowaletea kazi. Tunazungumza juu ya giaboksi, na swali letu ni moja tu. Giaboksi imefunguliwa, imekutwa gia moja imeharibika. Je, ni sawa kutia gia moja mpya katikati ya zile kuukuu na kufunga? Jibu langu nitalisema sasa, kisha nitalirudia kila tukifika mahali pazito. Usiulize kwanza kama gia ni mpya au ni kuukuu. Uliza inagusana na nini, na hicho inachogusana nacho kiko katika hali gani. Giaboksi hutengenezwa kwa jozi, haitengenezwi kwa kipande.

Mbona swali hili lituhusu sisi wa huku Mombasa kuliko watu wa mahali pengine? Itazameni barabara yetu. Matatu ikitoka Mikindani kwenda mjini inapita mzunguko wa Changamwe, inateremka Kibarani, inavuka Makupa mpaka Mwembe Tayari, na njia nzima imo katikati ya malori na matrela yanayoingia na kutoka bandarini. Dereva anatia gia ya kwanza, anatia ya pili, anasimama. Anatia ya kwanza tena, ya pili tena, anasimama tena. Kwa siku moja gia ya pili inaingizwa na kutolewa mara nyingi kuliko gari la mtu wa Mariakani linavyofanya kwa wiki. Upande wa pili wako wenye malori: kutoka Miritini kupanda Mazeras na kontena mgongoni, hiyo ni kazi ya gia za chini, mzigo mzito na joto jingi. Juu ya hayo, sehemu kubwa ya magari yetu madogo hufika nchini yakiwa yametumika. Sheria yetu inaruhusu gari lenye umri usiozidi miaka 8. Yaani giaboksi inaanza kazi ya Mombasa ikiwa tayari imefanya kazi ya kwingine. Ndiyo maana giaboksi zetu hufunguliwa, na ndiyo maana mwenye gari anayepiga hesabu ya siku bila mapato humwambia fundi, "Badilisha iliyoharibika tu, hizo nyingine ziache." Ni neno la mtu mwenye haki ya kulinda pesa zake. Lakini je, linalinda pesa zake kweli?

Ili tujibu, tuingie ndani ya giaboksi kidogo. Katika giaboksi ya kawaida ya siku hizi, gia za mbele zote hukaa zimeumana muda wote, za shafti ya juu na za shafti ya chini. Dereva anapovuta mkono wa gia, hasogezi gia. Anasogeza slivu inayoifunga gia moja na shafti yake ili izunguke nayo. Kwa hiyo meno ya gia ya tatu yanagusana hata wakati uko katika gia ya pili. Na meno hayo hayasukumani tu kama watu wawili wanaosukumana mlangoni. Umbo la jino la gia, lile tumbo lake lililopinda, lilifanyiwa hesabu tangu karne ya 18, na mwanahisabati Leonhard Euler ni mmoja wa waliolifikiria, ili meno mawili yapokezane mwendo bila kukwama wala kurukaruka. Katikati ya jino, lile na mwenzake hubingirishana. Kuelekea nchani na kuelekea shinani, huteleza na kusuguana. Sikilizeni vizuri hapa, maana hoja yangu yote imesimama juu ya jambo hili: jino haliliki sawasawa. Linalika zaidi pale linaposuguana, linalika kidogo pale linapobingirika. Likishalika sana halibaki jino lile lile lililopungua unene. Linakuwa na umbo jingine.

Na mwenzake naye amebadilika umbo, kwa kumfuata. Waliokulia karibu na jiwe la kusagia wanajua: jiwe la juu na la chini hulana mpaka yakakaliana, na ukileta jiwe jipya la juu juu ya lile la chini lililokwisha kulika, halikai, linacheza, na unga unatoka na mchanga. Gia mbili zilizozunguka pamoja miaka na miaka zimefanyiana hivyo hivyo. Sasa ukitoa moja ukatia mpya, jino lenye umbo sahihi linakutana na jino lenye umbo lililopotoka. Badala ya kugusana kwa uso mpana, yanagusana kwa mstari mwembamba, au kwenye kituta kimoja kidogo. Mzigo ni ule ule, abiria ni wale wale 14, lakini sasa umebebwa na eneo dogo. Ndipo giaboksi inapoanza kuvuma, na mwenye gari anarudi gereji akilalamika kwamba gia mpya ni mbovu. Gia mpya si mbovu. Imepewa mwenzi asiyeiweza.

Kama kungekuja kuvuma peke yake, mtu angevumilia. Lakini jino la gia halikutengenezwa kwa chuma kigumu mpaka ndani. Limepikwa ili liwe na ngozi ngumu kwa juu, unene wake kiasi cha milimita 1 au pungufu, na ndani chuma laini zaidi kinachovumilia mishtuko. Uso ukibanwa mahali padogo kupita kiasi, ngozi ile huchoka, hutoboka vishimo vidogo vidogo, kisha vipande vinabanduka. Vipande hivyo ni chuma kigumu kabisa, na haviendi popote. Vinazunguka na oili, vinaingia kwenye beringi, vinapita katikati ya gia zilizokuwa nzima. Kwa hiyo ile gia moja iliyonunuliwa ili kuziokoa nyingine inaweza kuwa ndiyo iliyoanzisha safari ya kuziua.

Kuna jambo jingine linalohusu idadi ya meno, na nadhani wengi wetu hatujapata kulisikia likielezwa. Chukua gia yenye meno 20 iliyoumana na gia yenye meno 40. Jino moja la ile ndogo litakutana na meno mawili tu ya ile kubwa, yale yale, maisha yake yote. Sasa ongeza jino moja, iwe 21 kwa 40. Jino lile lile sasa litapita kwa kila jino la mwenzake kabla halijarudi lilipoanzia. Wahandisi hupenda hesabu ya pili, ili kulika kugawanyike, pasiwe na jino moja linaloonewa. Ni hekima nzuri wakati meno yote ni mazima. Lakini fikiria sasa gia kuukuu yenye jino moja lililomeguka pembeni, na fundi akaiacha kwa sababu "ni jino moja tu." Jino hilo moja litaitembelea gia mpya jino kwa jino, na kila jino litaachiwa alama yake. Unaona, msikilizaji? Ukuukuu hauhesabiwi kwa idadi ya meno yaliyoharibika. Mbovu mmoja anawafikia wote.

Sasa, mtu ataniuliza, mbona mafundi hawajui haya? Nami nasema wanajua, tena vizuri sana. Nenda gereji yoyote ya malori kando ya barabara hii ya Nairobi, umwambie fundi wa difu akutie pinioni mpya, ile gia ndogo ya difu, aiache krauni ya zamani, ile kubwa. Atakukatalia. Atakuonyesha kwamba krauni na pinioni huja pamoja, zimesagwa pamoja kiwandani, mara nyingi zimepigwa nambari moja ili zisitengane. Nenda kwa fundi wa bodaboda, umwambie akubadilishie cheni peke yake na sproketi zimechongoka kama meno ya papa. Naye atakuambia nunua seti, la sivyo cheni mpya itaharibika upesi. Watoto wa stejini wanajua hilo. Basi kanuni tunayo tayari mikononi: vitu viwili vinavyolana hubadilishwa pamoja. Tunaishika kwenye difu, tunaishika kwenye cheni, kisha tunaisahau tukifika kwenye giaboksi, kwa sababu giaboksi ina gia nyingi na kila moja ina bei yake.

Hapo najua kuna fundi anayetaka kunikatiza, na hoja yake ni nzito, lazima nimpe haki yake. Atasema: "Lakini watengenezaji wenyewe huuza gia moja moja. Dukani utapata gia ya tatu peke yake, ina nambari yake kwenye katalogi. Kama kuchanganya ni makosa, mbona wauze?" Ni kweli. Gia za giaboksi si kama krauni na pinioni. Hazisagwi pamoja mbili mbili. Zinachongwa kwa vipimo, na gia ya tatu yoyote ya aina hiyo inapaswa kuumana na mwenzake yeyote wa aina hiyo. Lakini inaumana na mwenzake aliye ndani ya vipimo. Na habari njema, ambayo ningependa wenye magari waisikie, ni kwamba gia nyingi kuukuu bado zimo ndani ya vipimo. Giaboksi iliyopata oili nzuri kwa wakati wake, meno yake hayaliki sana, yanang'arishwa tu. Unaweza kufungua gari lililotembea masafa marefu ukakuta bado mistari ya mashine ya kiwandani inaonekana juu ya jino. Gia kama hiyo, kuitupa ni israfu. Mwenzake mpya atakaa nayo kwa amani. Kwa hiyo sisemi badilisha zote. Anayekuambia kila giaboksi ikifunguliwa itiwe gia mpya tupu, naye hajaitazama jozi, ametazama risiti.

Basi jozi hutazamwaje? Ioshe gia kwanza, maana oili nyeusi huficha mengi. Itazame mbele ya taa, uigeuze polepole. Uso unaong'aa sawasawa kama kioo ni dalili njema. Uso wenye vishimo, wenye kituta katikati ya jino, wenye rangi ya buluu ya kuungua, au wenye kutu iliyouma, huo ni uso uliokwisha. Pitisha ukucha kutoka shinani kwenda nchani. Ukucha ukikwama penye ngazi, jino limepoteza umbo. Kisha paka rangi ya kuonyesha mguso kwenye meno machache ya gia mpya, uzungushe na mwenzake, utazame alama. Alama ikiwa pana na iko katikati ya jino, funga kazi. Alama ikiwa ni uzi mwembamba nchani au pembeni, simama, usifunge. Kazi hii haihitaji mashine ya pesa nyingi, na haizidi nusu saa. Na sisi wa pwani tuna la ziada la kuangalia: hewa ya chumvi. Gia iliyokaa dukani au uani bila kupakwa oili hupata kutu upesi, na kutu juu ya jino ni vishimo kabla gia haijazunguka hata mara moja. Hata mpya hukaguliwa.

Hapa sasa tunafika kwenye jambo linalowasumbua watu wa matatu kuliko yote, nalo ni sinkronaiza. Nimesema gia hugusana na gia mwenzake. Lakini gia ile ile ina uso wa pili. Ubavuni mwake ina koni laini, na kando ya koni ina meno madogo mafupi. Pete ya sinkro, ya shaba kwa magari mengi, hubanwa juu ya koni ile, na kwa msuguano huilazimisha gia na slivu ziende mwendo mmoja kabla hazijafungana. Si uvumbuzi wa jana. Cadillac ya Marekani ilitoka nayo mwaka 1928, na kabla ya hapo dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili na kuotea mwendo kwa sikio, kama madereva wa baadhi ya matrela wanavyofanya hadi leo. Kwa hiyo ndani ya gia moja mna jozi zaidi ya moja: meno makubwa na mwenzake wa shafti ya chini, koni na pete yake. Na meno yale madogo nayo yana jozi yake, slivu. Gia inaweza kuwa nzima kabisa upande wa meno makubwa, ikawa imekufa upande wa koni. Ndiyo gia ya pili ya matatu za kwetu hiyo, kwa sababu ya ile ya kwanza, ya pili, simama, tuliyoisema.

Kinachofanyika mara nyingi ni nini? Gia ya pili inakwaruza. Giaboksi inashushwa, pete mpya ya sinkro inatiwa, inafungwa, gari linatoka gereji likiingia gia kama siagi. Halafu baada ya muda si mrefu inakwaruza tena. Mwenye gari anasema fundi ni tapeli, fundi anasema pete ni feki. Huenda wote wawili wanakosea. Pete mpya imewekwa juu ya koni iliyoteleza, iliyolika, au iliyochimbika mfereji, na haipati cha kushika. Dawa ya kujua ipo, na vitabu vya watengenezaji huieleza: ibane pete mpya juu ya koni kwa mkono, kisha pima mwanya uliobaki baina ya pete na meno madogo kwa vile vibapa vyembamba, fila geji. Kila aina ya giaboksi ina kima chake cha chini. Kwa baadhi ya magari madogo kiko karibu na milimita 0.8. Pete mpya ikiwa imezama mpaka mwanya uko chini ya kima hicho, ubovu hauko kwenye pete, uko kwenye koni, na hapo gia ile haina budi kubadilishwa hata kama meno yake makubwa yanang'aa. Mwanya ukiwa mzuri, pete mpya na gia kuukuu ni mchanganyiko halali kabisa, na mwenye gari ameokoa bei ya gia nzima kwa kipimo cha dakika tano. Unaona jinsi swali la "mpya au kuukuu" linavyotupotosha? Katika gari hilo hilo, siku hiyo hiyo, mchanganyiko mmoja ni sahihi na mwingine ni hasara. Kinachoamua ni jozi.

Meno yale madogo nayo yasisahauliwe. Yamechongwa yakiwa na ncha kali na ubavu ulioinama kidogo kwa ndani, ili slivu ikishaingia ivutwe na kushikwa isitoke. Yakishachakaa yakawa duara, gia hutoka yenyewe. Dereva anaacha kukanyaga mafuta, gia inaruka. Ukitia gia mpya na kuacha slivu yenye meno ya duara, itaendelea kuruka, na baada ya muda gia mpya nayo itakuwa duara. Foku inayoisukuma slivu ikiwa imelika au imepinda, slivu haifiki mwisho wa safari yake, na yote yanarudi palepale. Kwa hiyo gia inayoruka isitafutiwe gia. Itafutiwe gia, slivu, habu inayoibeba slivu, na foku kwa pamoja, kila kimoja kikitazamwa na anayekigusa.

Sasa hoja ya pili ya watu wa gereji, na hii mimi naipinga waziwazi. Kuna wanaosema: "Sawa, mpya haipatani na kuukuu. Basi tutafute kuukuu nyingine, chuma cha zamani kitapatana na cha zamani." Wanakwenda kwa wauzaji wa spea za mtumba, wanachomoa gia ya tatu kwenye giaboksi nyingine ya aina hiyo, wanaileta. Hapana, wasikilizaji. Gia mbili kuukuu zinapatana kwa kuwa zimelika pamoja, na si kwa kuwa zote zimezeeka. Gia iliyotoka kwenye gari jingine imechukua umbo la mwenzake wa huko. Hapa sasa yanakutana maumbo mawili yaliyopotoka, kila moja kwa namna yake, na hakuna hata moja lililo sahihi. Afadhali mara kumi gia mpya na kuukuu iliyo nzima, kuliko kuukuu mbili zisizojuana zilizolika. Kisha kuna hatari ya kununua isiyolingana kabisa. Hiace mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na injini tofauti na hesabu tofauti za meno ndani ya giaboksi. Kabla pesa haijatoka mfukoni, hesabu meno ya uliyonayo, hesabu meno ya unayouziwa, na ulinganishe mshazari wa meno hayo.

Ukitaka mtumba, chukua shafti zote mbili na gia zake zote, au giaboksi nzima. Na hapa naunga mkono desturi ya wengi: giaboksi nzima iliyotoka Japani, hata kama imetumika, ina sifa moja kubwa, kwamba jozi zake hazijatenganishwa. Mwenye matatu anayeinunua badala ya kuunga vipande amefuata kanuni ya jozi pasipo kuitaja. Tatizo lake ni kwamba hujui ilitembea kiasi gani wala ilikaa wapi. Basi ifunguliwe kabla ya kufungwa kwenye gari, itazamwe kama tulivyosema. Muuzaji asiyekubali hata kifuniko kitolewe, mwachie mali yake.

Na pesa? Tusizunguke hapa, maana ndiyo hoja ya mwisho na ndiyo kubwa. Mwenye gari atasema, "Haya yote ni sawa, lakini nina pesa ya kitu kimoja tu." Nami namwambia: kama una pesa ya kitu kimoja, kisiwe gia, ziwe beringi. Gia hukaa juu ya shafti, na shafti hushikwa na beringi. Beringi ikilegea, shafti huhama, nafasi baina ya shafti mbili huongezeka au shafti hukaa mshazari, na hapo hata gia mbili mpya kutoka dukani zitagusana pembeni tu, na zitakufa. Gia mpya juu ya beringi kuukuu ndiyo hasara kubwa kuliko zote tulizozitaja leo, na ndiyo inayofanyika sana, kwa sababu jino lililovunjika linaonekana kwa macho na beringi iliyolegea haionekani. Mara nyingi beringi hiyo ndiyo iliyolivunja jino lenyewe. Beringi zinunuliwe mahali pa kuaminika, maana ni miongoni mwa bidhaa zinazoghushiwa, na hata Kenya kuwa na sheria ya bidhaa ghushi tangu mwaka 2008 hakujamwondolea mnunuzi kazi ya kukagua. Ukisema pesa ya gia na mwenzake haipo leo, basi afadhali giaboksi ikae chini wiki moja ukitafuta, kuliko kufungwa nusu na kushushwa tena. Kushusha na kupandisha giaboksi mara mbili kuna ujira wake, kuna oili yake, kuna gasketi na sili zake, na kuna siku ambazo gari halikuingiza kitu. Jumlisha hayo uone kama gia ya pili ya jozi ilikuwa ghali kweli.

Tena si pesa peke yake. Lori lililobeba mzigo likiteremka kutoka Mazeras kuja Miritini hushikwa na breki na hushikwa na gia. Injini husaidia kulizuia. Gia ikiruka pale mteremkoni, mzigo wote unahamia kwenye breki kwa mara moja, na breki zikipata moto hupoteza nguvu. Kule Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, malori yaliyoteremka bila gia yameleta misiba iliyoliliwa nchi nzima. Huko wengi walilaumu madereva wanaotoa gia kwa makusudi ili kuokoa mafuta. Dereva ambaye gia imeruka yenyewe kwa sababu ya slivu iliyochakaa yuko katika hatari ile ile, na yeye hakuchagua. Ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya abiria hutazama breki, usukani, taa na matairi. Hakuna mkaguzi anayefungua giaboksi. Aliyeifungua ni fundi peke yake. Alichokiona ndani, kama hakumwambia mwenye gari na dereva, hakuna mwingine atakayekijua. Ndiyo maana nawaomba mafundi wetu: mwonyesheni mwenye gari jozi iliyo mbovu, mwekeeni mkononi aione, na vile vilivyotolewa mpeni aende navyo. Mwenye gari naye asione ametapeliwa akiambiwa ni viwili badala ya kimoja.

Limebaki jambo la oili, na muda wetu unakwisha. Katika gereji nyingi pipa la oili nambari 90 ni moja, linamiminwa kwenye difu na kwenye giaboksi. Difu inataka oili yenye dawa kali ya kustahimili msuguano wa krauni na pinioni, ile inayoandikwa GL-5. Dawa hiyo katika baadhi ya oili hula shaba, na pete zetu nyingi za sinkro ni za shaba. Giaboksi nyingi zenye sinkro hutaka GL-4. Someni maandishi ya kopo na kitabu cha gari kabla ya kumimina. Kisha, giaboksi yoyote iliyotiwa gia mpya karibu na kuukuu, oili yake ya kwanza isiachwe mpaka wakati wa kawaida. Imwageni mapema, baada ya kilomita elfu 1 au hivyo, mtazame kwenye chombo cheupe na kwenye sumaku ya nati ya kumwagia. Ungaunga mwembamba wa kijivu ni meno yanayozoeana. Mkiona vipande vinavyomeremeta, vyenye makali, msitie oili mpya juu yake mkasema tutaona. Ishusheni giaboksi siku hiyo.